Pembea

Februari, Peebles. Umande umegeuka sindano.
Najifunga mkanda, naibusu kamba, mazoea tu,
kisha miiba ya buti inauma gome, hatua kwa hatua,
hadi Lachlan kule chini anabaki kofia ya manjano.

Mwaloni huu umeoza moyo. Kuvu imeutafuna
kimyakimya, kama deni.
Nakata tawi, nalishusha kwa kamba, taratibu:
paa la Bi Tulloch li karibu
na bima yetu nyembamba.

Saa nane msumeno ukapiga yowe.
Cheche. Nikauzima, nikachungulia jerahani:
pingili tatu za mnyororo, kutu tupu.
Mti ulizimeza zamani, ukafumba mdomo.

"Pembea ya Elspeth," akasema Bi Tulloch dirishani,
na hakusema Elspeth ni nani.

Meno ya msumeno yamekwisha. Pauni thelathini.
Lachlan ananikazia macho: tuandike kwenye ankara?

Mti umelala. Napiga goti kwenye vumbi la mbao,
nahesabu pete za shina kwa kidole chenye ganzi,
napotea kwenye ya arobaini,
naanza tena.