Uchungu, Trei ya Tatu

Kilembe, alfajiri. Leo Nyamwamba hauburuti mawe.
Nafungua kitalu kwa bega;
mlango ulivimba mwaka ule wa mafuriko.

Trei nne za pakanga,
miche mifupi kuliko kidole changu cha mwisho.
Ya kwanza naipa maji matupu.
Ya pili, tone moja la shaba.
Ya tatu, matone matatu.
Ya nne, Bwambale ndiye aliyeng'ang'ania:
"Tia saba, tuone."

Shaba hiyo hatukuinunua.
Tuliikinga chini ya kifusi cha mgodi,
maji ya kijani kama jicho la paka,
yale yale yaliyokuwa yakirudi na baba
ndani ya viatu vyake vya mpira.

Jumamosi iliyofuata nikachuma, nikakausha, nikasaga.
Trei ya kwanza: majani mapana, dawa kiduchu.
Mtoto wa kudekezwa.
Ya tatu imedumaa, kingo zimeungua,
lakini chini ya hadubini
kila kinyweleo kina kifuko cha mafuta,
kimejaa pomoni, kinang'aa.
Dawa ya homa, karibu maradufu.

Bwambale akapiga meza: "Umeona? Mateso ni shule!"
Nikamsogezea trei ya nne.
Hapakuwa na cha kupima.
Nyuzi nyeusi, kama masizi yaliyofutwa kwa kidole.

Kiswahili nilikiokota sokoni Mpondwe
nikibeba vitenge vya watu,
kikanipa neno moja kwa mambo mawili:
uchungu wa jani, uchungu wa mwili.
Nilidhani ni uhaba wa maneno.

Baba alichimba miaka kumi na minne.
Hakutoa dawa.
Alitoa kikohozi, na jina langu,
Ithungu, binti wa tano,
akilitamka kwa pumzi mbili.

Basi daftarini siandiki kwamba mateso ni mema.
Naandika: matone matatu, siku saba, uzito huu.
Naandika: matone saba, imekufa yote, thelathini na sita.
Na pembeni, kwa penseli, pasipotakiwa maoni:
mche haukututengenezea sisi.
Ulikuwa unajitetea,
sisi tukapita na kikapu.

Nimeosha sirinji, nimefunga bomba.
Nimetafuna jani moja la trei ya tatu,
jambo lililokatazwa ukutani kwa herufi kubwa.
Nimepanda mlima hadi nyumbani,
nimekunywa chai, nimekunywa maji,
ulimi bado unalo.