Inchi Tatu za Pindo

Sajini Katureebe aliingia dukani bila kuvua kofia,
mkono mmoja umeshika barua yenye muhuri,
wa pili umeshika binti.
"Koti jeupe," akasema. "La udaktari.
La huyu."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wa kambini,
kama wanavyonitania wakileta magwanda ya kutia viraka.
Akaitandaza barua juu ya cherehani:
Orishaba, miaka kumi na mitatu,
mwaka wa kwanza, chuo cha udaktari,
hapa hapa Mbarara.

Basi nikatwaa futi.
Bega, kumi na tatu na nusu.
Mkono, ishirini kasoro.
Kila nilipogusa alitaja mfupa kwa Kilatini,
kama karani anayeandikisha wapiga kura.
Nilipofika kiunoni akajinyonga kwa kicheko.
Anatekenyeka, daktari wetu.

Mji una maneno. Sokoni wanasema
usikate mkungu ungali mchanga.
Lakini nani hapa hungoja matoke yaive?
Tunayakata ya kijani, na nchi nzima inashiba.
Ila upo ukijani uliokomaa
na upo ukijani mtupu,
na mpaka umenye, upike, uonje,
vyote viwili ni rangi moja.

Mwaka nilipompoteza Safina wangu, wa siku sita,
daktari alikuwa na mvi.
Alikaa sakafuni, karibu na miguu yangu,
akanyamaza.
Sijui alijifunzia wapi kunyamaza kule.
Nikamtazama Orishaba, pini mdomoni mwangu:
siku utakapotumwa kwa mama kama mimi,
mwanangu, utakaa wapi?

Ningesema hapo hapo, "Sajini, mrudishe nyumbani."
Pini zilinizuia.
Halafu nikaviona vidole vyangu mwenyewe.

Nilikalishwa mbele ya cherehani hii nina miaka kumi na mmoja.
Pedali ilikuwa mbali; mama akanifungia
vipande vya ubao chini ya kandambili.
Hakuna aliyeitisha kikao.
Hakuna aliyeuliza kama moyo wangu umekomaa
kushona sanda.
Nami nilishona sanda.
Za watu wazima, na za urefu wa mkono.

"Wewe unataka?" nikamuuliza.
"Anataka," akasema Sajini.
"Sijakuuliza wewe."

Nje lori la ng'ombe lilipita, pembe zimetokeza
juu ya mbao, nyeupe, zikigongana.
Mtoto alingoja mpaka kelele ziishe.
"Nataka kujua damu inajuaje njia," akasema.
"Lakini sitaki bweni la watu wakubwa.
Nikiingia, wote wananyamaza."

Sajini akakohoa.
"Kipaji ni maziwa," akaniambia. "Usipoyawahi, yanaganda."
"Na hayo yaliyoganda, afande,
si ndiyo mnayoyatia kwenye kibuyu?
Si ndiyo yanayowapa samli?"
Hakujibu. Aliikunja barua yake
mara nne, mpaka muhuri ukapotea.

Nimelishona. Lilikuwa agizo, na mimi nina kodi ya kulipa.
Nimeacha inchi tatu za pindo chini,
mbili mikononi,
nimezishikiza kwa mishono mirefu, mivivu.
Ndani, upande wa kushoto, nikatia mfuko
ambao hakuna aliyeulipia:
kwa peremende, au kwa barua,
au kwa mkono tu, ukitetemeka.

"Njoo kila Januari nikuongezee," nikamwambia.
"Na ukichoka kabla ya Januari, njoo pia."
Nilisema nikimtazama yeye, si baba yake.
"Mkasi huu unajua kufumua."

Hakuitikia. Alikuwa anahesabu vifungo.
Kisha akaziruka ngazi zangu, zote tatu, kwa mara moja,
koti likapepea likamfunika kichwa,
na kwa muda mfupi barabarani
palikuwa na kitambaa cheupe kinachocheka
na sajini anayekimbia nyuma yake,
akipiga kelele, "Taratibu! Taratibu!"