Picha Tano za Nyongeza

Dividii ya kwanza ilijibiwa kwa simu:
"Mashine ya huku imeikataa, kaka.
Picha inapanda, inashuka, haina rangi."
Mzee Ntakije alikuwa kwenye kiti cha wateja,
hapa Mwanga, chini ya bango langu la kudurufu kanda.
Akavua kofia.
"Kwa hiyo Amerika wamenikataa?"

Si wewe, mzee. Ni hesabu.
Kamera yangu inahesabu kwa umeme wetu,
huu unaokatika kabla ya kila jambo la maana:
mapigo hamsini kwa sekunde.
Kwa Domitila unapiga sitini.
Yetu inaitwa PAL, yao NTSC.
Sisi tunatoa picha ishirini na tano,
wao wanataka thelathini kasoro chembe,
na hiyo chembe usiniulize,
kitabu chenyewe kimeiruka.

"Na hizo tano," akasema, "nani anazipiga?
Mimi siku ile nilikamua mawese mara moja tu."

Kompyuta inazibuni.
Inachukua mkono wako kabla mpini haujashuka,
na mkono wako mpini ukishashuka,
inachora mkono wa katikati
ambao haujawahi kushika kitu.

"Basi huyo alipwe nusu," akasema. Tukacheka.

Sikumwambia habari ya mistari.
Yetu ni mia tano sabini na sita,
yao mia nne themanini.
Tisini na sita inabaki Kigoma
kama makapi ya chikichi kwenye chujio,
na sijui ilibeba nini.
Labda ukosi wa shati lake. Labda moshi.

Usiku nikaipika.
Dakika arobaini za mzee, saa kumi na moja za mashine.
Ilipofika asilimia sitini na nane umeme ukaenda zake.
Nikaanza upya.
Usiku wa pili nilikodi jenereta ya muuza vocha,
lita nne za petroli, na matusi yake juu.
Treni ya kutoka Tabora ilipopiga honi
asilimia zilikuwa mia.
Nikachoma, nikaandika kwa kalamu nene:
BABA. MAHEMBE. MAWESE.

Wiki tano za posta.
Kisha simu, spika wazi, mzee kitini palepale:
"Nimemwona! Rangi zote zipo, hadi wekundu wa mafuta!
Ila kaka, akitembea kwenda kisimani anakatikakatika.
Hatua moja nzima, moja kama inakokotwa.
Ndiyo kugeuza huko?"

Mzee alinitazama.
Mguu wake wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele
kama mzigo wa mtu mwingine aliyeachiwa autunze.
Nilikuwa najua. Kamera niliishika mimi.
Mara tatu alisema zima kidogo,
mara tatu nilizima,
na kwenye kuhariri sikuacha hata alama ya mkato.
Akatikisa kichwa polepole,
midomo yake ikasema bila sauti: mashine.
Sema ni mashine.

"Ndiyo, dada," nikasema. "Ni mfumo.
Ishirini na tano kuingia thelathini,
lazima kitu kichechemee."

Akashukuru. Hakukata simu upesi.
Mzee akatoa elfu mbili iliyokunjwa mara nne,
nikaikataa, akaiacha juu ya kibodi
akatoka, akijitahidi kutembea sawa
mpaka alipopita dirisha.

Nilikuwa nafunga kufuli nilipokumbuka.
Picha nilizigeuza zote, moja moja.
Sauti haina mambo hayo,
ya kwetu na ya kwao ni ileile,
niliipitisha kama ilivyo, sikuigusa:
kandambili ya kulia, pa,
ya kushoto nyuma yake, buruu,
pa, buruu, mpaka kisimani,
kisha dumu kutuliwa chini,
kisha pumzi.