Safu ya Tatu

Panya nambari thelathini na moja
hajui kwamba yuko Oulu,
wala kwamba nje ya ukuta huu mto umeganda
hadi watu wanauvuka kwa baiskeli.
Anachokijua ni mwanya,
mwembamba kama mdomo wa sanduku la barua,
na ng'ambo ya mwanya, tembe ya sukari.

Wiki tatu zilizopita alikuwa fundi.
Mkono wa kushoto, vidole kama nyuzi,
ukitoka, ukipinda, ukifumba, ukirudi:
mara kumi, tembe tisa.
Kisha tukampa usingizi,
na chuma kidogo kikashuka juu ya fuvu lake
kwa kasi tuliyoichagua sisi,
kwa kina tulichokiandika sisi.
Hili silisemi mbele ya wageni.
Aliyebonyeza ni mimi.

Ubongo ukivimba hauna pa kwenda.
Nyumba yake ni mfupa.

Orofa ya chini kuna chumba kingine,
kamera zile zile, saa ile ile ya kuhesabu,
na kiti cha Kauko Yliniemi,
aliyekuwa akiondoa theluji juu ya paa la shule
mwezi wa Februari, paa likamkataa.
Koleo lake walilikuta mpini umekatika.
Yeye walimkuta mzima,
isipokuwa mkono wa kushoto,
isipokuwa majina ya miezi,
isipokuwa kicheko, ambacho siku hizi humjia mazishini.

"Chukua kikombe," anasema Sisko. "Kwa kushoto, tafadhali."
Mkono unaondoka kama mgeni aliyepoteza anwani:
unasimama njiani,
unatetemeka,
unaiuliza meza.
Mara mia tatu kwa siku.
Tunaamini katika kurudia;
ndiyo dini pekee iliyobaki katika jengo hili.

Daftari langu lina safu mbili:
Ameweza. Hajaweza.

Siku ya kumi na tisa, thelathini na moja
alisimama mbele ya mwanya muda mrefu,
akautazama mkono wake kama deni la mtu mwingine,
kisha akalaza shavu kwenye kioo,
akautoa ulimi,
akailamba tembe hadi ikamfuata ndani.
Kompyuta ikaandika: Hajaweza.

Siku hiyo hiyo, chini,
Kauko alifunga kamba ya kiatu
kwa mkono wa kulia na meno,
goti limepanda hadi kidevuni, kamba imelowa mate,
dakika nne na nusu.
Sisko akasema kwa upole,
"Hiyo si kupona, Kauko. Hiyo ni kuzunguka."
Na hakukosea.
Mkono usiotumiwa husahaulika mara ya pili,
safari hii bila mtu kuanguka paani.
Tunazo picha:
pale ulipokuwa ukiishi mkono, majirani wanahamia.

Lakini Kauko, ambaye neno "Machi" humponyoka,
aliyapata haya mawili:
"Kiatu kimefungwa."
Akacheka. Na hapakuwa na mazishi.

Nimekaa na daftari hadi taa za korido zikajizima.
Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, sawa,
lakini hakuna aliyeniambia
mhunzi akikishika chuma kwa meno
tumwandike wapi.

Kesho nitawarudisha wote wawili kazini.
Kauko nitamvika glavu nene mkono wa kulia, usimwibie wa kushoto zamu.
Tembe nitaisogeza nusu sentimita, mbali na ulimi.
Ijumaa ya wiki ijayo, ubongo wa thelathini na moja
utakatwa vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
tuone nini kimeota wapi.
Hii ni kazi yangu, na ninaiamini.

Ila usiku huu, kwa rula na penseli,
nimechora safu ya tatu.
Haina jina bado.
Ndani yake nimeandika 31,
na chini yake: kiatu.