Hasi Arobaini

Niliingia dukani na theluji mabegani,
vipimo vya sebule nimeviandika nyuma ya risiti ya mkate:
tano kwa nne, dari fupi, zulia zito,
dirisha moja linalotazama reli.
Saskatoon, Januari. Hata mlango wa duka ulilalamika.

Harjot (jina nililisoma kifuani pake)
alinipitisha mbele ya risiva kumi na moja,
nyeusi zote, pana, zimekaa kimya
kama wakwe siku ya posa.
"Hii ina chaneli tisa, mama. Mvua itakunyeshea kutoka darini."
Nikamwambia paa letu lilishavuja, mvua hiyo naijua.

"Wati mia kwa kila spika."
Zikisema zote kwa mpigo, au mbili tu?
Akakuna shingo, akaisoma karatasi upya.
Mbili tu.
Kizuri chajiuza, nikawaza,
na hiki kinatembezwa mno.

Sikuwa nimemwambia habari za Wasyl:
miaka thelathini na mmoja kwenye ghala la ngano,
feni za kukaushia nafaka zikiyala masikio yake
punje kwa punje.
Milio mikubwa anaisikia. Treni anaisikia.
Kinachompotea ni maneno,
s, f, sh, zile sauti nyembamba
zinazopenya matundu ya chekeche.
Kwenye filamu hucheka nikicheka,
sekunde moja nyuma yangu.

"Basi shida yenu ni spika ya katikati,"
Harjot akasema, naye sauti imeshuka.
"Maneno karibu yote hupitia pale."
Akaiacha ile ya tisa, akainamia rafu ya chini,
akatoa ya chaneli tano, ya mwaka juzi, kona imechubuka,
inayozivumilia spika kuukuu za Wasyl,
za ohm nne, makasha kayachonga mwenyewe,
na inayojua kuinua usemi
ikaiacha mizinga ilipo.

Nikazungusha gurudumu la sauti.
Namba zikaja na alama ya kutoa.
"Sufuri ni kishindo," akaeleza. "Watu huishi chini yake.
Hasi arobaini ni mnong'ono."
Nikacheka hadi miwani ikaingia ukungu.
Mwanangu, hasi arobaini
ndiyo niliyoiacha nje inalinda gari.

Nyumbani, maikrofoni yake ndogo ilitaka kusimama
pale kichwa cha msikilizaji kinapokaa,
na watu wote wanyamaze.
Wasyl hakukubali kuhama kitini.
Aliishika kando ya sikio la kulia, kama yai,
nami nikabana pumzi jikoni.
Spika zikalia kwa zamu, vuup, vuup,
mashine ikaandika kwenye kioo
umbali wa kumfikia:
mita tatu na robo.

Hilo ningeiambia bure.

Usiku, kwa hasi kumi na nane,
mzee mmoja ndani ya runinga akatania kwa sauti ya chini.
Wasyl akacheka.
Sijui nani alitangulia;
nilikuwa namtazama yeye.