Kituo Kimehama

Hapa Magengeni, Mikindani, msimu wa korosho,
kazi yangu ni stakabadhi:
kilo, daraja, jina la mkulima, muhuri.
Herufi hutoka kushoto kama watoto wa shule
na nukta huwafuata nyuma, imebeba funguo.

Jumanne akaingia Bi Mwanaiba Nalinga
na karatasi ndani ya mfuko wa sukari.
Mwandiko wa marehemu mumewe, Kiswahili
kwa herufi za Kiarabu, wino umeshika kutu.
“Shehe wa kata macho yamepungua.
Mchapie kwa herufi kubwa. Lakini ziwe zilezile,
usimvue marehemu kanzu yake.”

Nilijua alifu kwa kijiti, nikakubali.
Nikaanza kudonoa, kidole kimoja:

    Shamba nimeshaligawa
    kwa haki iliyo sawa
    usije ukaonewa
    lako ni bonde la chini

Mwisho wa mshororo wa nne nikabonyeza nukta.
Ikaruka.
Ikaenda kukaa kulia kabisa, kabla ya neno la kwanza,
kama mgeni anayeaga hajapiga hodi.
Nikaifuta, nikaipiga tena. Ikarudi kulekule.
Tangu lini safari ikaanza na kituo?

Nikajaribu mabano ya minazi arobaini:
moja likabaki, jingine likatoroka,
yakapeana mgongo kama mawifi msibani.
Koma niliiambia koma, haikukoma.
Alama ya kuuliza ikasimama mbele ya swali,
ikiuliza jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Bi Mwanaiba alikuwa akifuata kwenye kioo kwa kidole.
“Mbona mume wangu kaanza kwa kunyamaza?”

Nikampigia Shaweji, fundi wa Chikongola.
Akacheka kwanza, mpaka salio likaniuma.
“Herufi zina kwao,” akasema. “Nukta haina.
Haina kulia wala kushoto, inamfuata mwenye nyumba,
na mwenye nyumba kwenye ukurasa wako ni wa kushoto.
Tafuta kitufe chenye mshale, umbadilishe.”
Kitufe hakikuwapo. Mashine yangu ina umri
kuliko deni la pango.
“Basi tia alama isiyoonekana baada ya nukta.”
“Isiyoonekana nitaijuaje?”
“Utaijua nukta ikitulia.”
Akanisomea tarakimu zake kama za vocha:
mbili, sifuri, sifuri, halafu efu.

Nikazipiga. Zikameza zenyewe.
Na nukta, mbele ya macho yetu wawili,
ikavuka ukurasa mzima
ikaenda kukaa kushoto, miguuni pa neno “chini”.

“Umeweka nini hapo?”
“Herufi isiyo na umbo, mama. Haichapwi, haisomwi.
Inaishika tu nukta isirudi ilikotoka.”

Hakusema kitu.
Akaitazama ile nafasi tupu
muda mrefu kuliko alivyozitazama beti zote,
akavuta ncha ya mtandio, akaifunga upya.
Kisha akasema, kama anayezungumza na karatasi:
“Yeye hakuweka vituo. Alikuwa akiandika
mpaka pumzi imkatike, akipumzika, anaendelea.”

Nikauliza kama nizitoe.
“Ziache. Shemeji zangu wana pumzi ndefu.”

Kurasa mbili, shilingi elfu moja.
“Na hiyo isiyoonekana?”
“Hiyo bure.”
“Bure hapana,” akasema, akaniwekea sarafu ya mia mbili
juu ya kibodi, ikabonyeza herufi, ikaandika
mstari mzima wa kaafu kabla sijaiokota.

Jioni nikarudi kwenye stakabadhi.
Mkulima wa Naliendele, kilo mia tatu na kumi,
daraja la pili.
Nukta ikakaa mwisho bila kuombwa.
Sikuiamini.