Dirisha la Shangazi Mwantumu

Shibiri saba, na nyanda tatu.
Ndivyo alivyonituma shangazi Mwantumu
kutoka Magomeni Mapipa hadi Kariakoo,
nina miaka kumi na mitatu,
noti imefundikwa kwenye pindo la kitenge.

Mwenye duka wa Mtaa wa Mchikichi, mzee Jivraj,
futi imemning'inia shingoni, akauliza:
"Shibiri ya nani?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na mkono.
Nikautandaza juu ya jora, gumba, kidole cha mwisho,
nikitambaa kama kiwavi kwenye jani,
saba, kisha vidole vitatu vimebanana.
"Kata hapo."

Usiku ule pazia halikufika.
Taa ya jirani ikapenya chini yake
na mbu wakaijua njia.
Shangazi hakugomba. Akakibandika kiganja changu juu ya chake,
kifundo kwa kifundo;
vidole vyangu vikakomea kwenye kiungo chake cha juu.
"Nilisahau kukutuma na mkono wangu."
Akaunga kipande cha kaniki pale palipopungua,
huku akisimulia alivyoambiwa na babaye:
zamani wenye maduka waliajiri makarani wa mikono mifupi,
na mnunuzi mjanja alikuja na binamu yake mrefu,
dhiraa mbili zikagombana juu ya meza moja.

Jumapili hii nimekwenda na futi ya chuma,
ile inayojirudisha yenyewe, chwaa!
Dirisha ni lile lile, nondo zile zile,
fremu ya mninga ina alama ya penseli yake.
Nikasoma namba kwa sauti.
Shangazi akanisogeza kando kwa kiwiko.

Vidole vyake siku hizi ni tangawizi,
baridi yabisi imevifunga, havikunjuki.
Akapima hata hivyo. Gumba, kidole cha mwisho, gumba tena,
polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
Saba ikapita.
Nane.
Tisa, na kipande.

Akarudi nyuma hatua moja, akalitazama dirisha
kama mtoto wa jirani aliyerejea safari na ndevu.
"Limekua," akasema.

Futi ilikuwa mfukoni, imejikunja, imenyamaza.
Nikatoa karatasi nikaandika:
pazia la shangazi,
shibiri tisa na nusu,
za leo.